Utepe wa Mgeni Rasmi

Fundi alipiga makofi, na wasichana wote wakainua mguu wa kulia.

"Kanyaga," alisema. "Polepole! Hii si ya kupiga miguu kama baiskeli, kama ile yangu ya nyumbani. Hii ni ya umeme, ukiigusa tu imeondoka. Kanyaga... achia. Kanyaga... achia."

Wakakanyaga. Walichokikanyaga ni kandambili iliyokunjwa, juu yake kipande cha ubao, ili mguu ukiondoka ubao uinuke kidogo. Mapajani kila mmoja alishika kipande cha gunia na kukisukuma kwa vidole kuelekea mahali ambapo sindano ingekuwa, kama sindano ingekuwapo. Na kwa kuwa cherehani isiyolia haimfundishi mtu kitu, mlio waliutoa wenyewe. "Rrrrrr!" wote kwa pamoja, midomo ikitetemeka, mate yakiruka. Wapita njia walikuwa wakicheka hapo mwanzo. Siku hizi walipita tu.

Darasa lilikaa barazani, juani. Nyuma ya migongo yao, ng'ambo ya kioo cha dirisha, cherehani zenyewe za umeme zilikuwa zimepangwa safu mbili, kila moja na meza yake, kiti chake na taa yake ndogo, zimefunikwa nailoni vilevile zilivyotoka kwenye maboksi. Zilikuwa mpya. Zilikuwa zao, kwa maneno ya kila aliyewahi kushika kipaza sauti mtaani pale. Mlango wa kuziendea ulifungwa kwa kufuli, na mbele ya kufuli, kutoka mwimo hadi mwimo, ulipita utepe mwekundu wenye fundo la ua katikati, ukimsubiri mgeni rasmi aje aukate.

Mgeni rasmi hakuwa amekuja. Utepe wa kwanza ulipigwa jua mpaka ukapauka ukawa rangi ya ufizi, kamati ikakaa kikao, ikanunua mwingine. Katika mradi mzima, utepe ndio kitu pekee kilichokuwa kimefanyiwa matengenezo.

Msichana wa mwisho kwenye mstari, aliyekaa karibu kabisa na mlango, alikuwa ameacha kukanyaga. Mtaa mzima ulimwita Mbishi. Jina hilo alilipata angali mdogo, pale alipobishana na watu wazima kwamba mwezi haumfuati mtu njiani, akasimama uani kuwathibitishia mpaka akapigwa. Alipigwa, lakini hakukubali, na jina likamganda.

"Mbishi, mguu," Fundi alisema.

"Mguu umechoka kukanyaga kiatu changu mwenyewe, Fundi."

Wenzake wakacheka. Fundi hakucheka. Alikuwa mwanamke mnene, mshonaji wa siku nyingi, aliyezoea kubana pini mdomoni hata asipokuwa na nguo mkononi, na akikasirika pini zilisimama wima.

"Kiwanda kinapima watu wiki ijayo," Mbishi alisema. "Wewe umesikia, mimi nimesikia, na mbuzi wa mtaa huu nao wamesikia. Tukawaonyeshe kandambili?"

"Nimewafundisha kukata. Nimewafundisha pindo, kola, mfuko. Mikono mnayo."

"Na mguu?"

Fundi alitoa pini moja mdomoni, akaichomeka kifuani. 

Mambo yalianza vizuri, tena kwa mbwembwe. Kiwanda cha kushona sare kilijengwa ng'ambo ya barabara kuu, vijana wa mtaa wakaenda kuomba kazi, wakarudishwa getini: hapa hatufundishi, tunachukua anayejua. Ndipo viongozi wa jamii wakaitwa semina. Waliitwa wazee wa mtaa, viongozi wa dini, walimu, wenye maduka. Wakakaa kutwa, wakala, wakanywa soda, wakapewa mikoba na kalamu, wakajadili namna ya kuinua elimu na kumwandaa kijana kwa ajira. Msiwacheke sana, kwani cherehani zililetwa kweli. Wala hazikuibwa. Zingeibwa, mtaa ungejua la kufanya, maana mwizi dawa yake inajulikana. Balaa ni kwamba zilipokewa na watu wenye kujua heshima, na kwa watu hao kitu hakitumiki kabla hakijazinduliwa. Choo cha shule kilikaa muhula mzima kikisubiri mzinduzi, watoto wakikimbilia vichakani. Bomba la maji lilifungwa kitambaa mdomoni, na wanawake wakalipita na ndoo zao kwenda kuteka bondeni.

Mwenyekiti wa kamati alikuwa mjomba wake Mbishi, kaka mkubwa wa mama yake.

Alasiri ile ile Mbishi alikwenda ofisi ya mtaa. Mlango ulikuwa wazi. Mjomba alikuwa kichwa cha meza, kulia kwake mwalimu mkuu mstaafu, kushoto kwake mwenye duka la saruji na misumari. Walikuwa wakijadili kama vitambaa vya viti vya wageni viwe vyeupe au vya bluu.

"Hodi wazee. Shikamooni."

"Marahaba. Kikao kinaendelea," Mjomba alisema bila kuinua macho.

"Ndiyo maana nimekuja, Mjomba. Tunaomba tufunguliwe. Siku hizi chache tu kabla ya majaribio ya kiwanda. Tutakunja nailoni vizuri, na tukimaliza tutazifunika vilevile. Mgeni hatajua."

"Atajua!" Mwenye duka aligonga meza. "Mgeni unampa sahani iliyokwisha kuliwa, binti?"

"Wenye njaa ni sisi, baba. Mgeni huko atokako kashiba."

Mwalimu mkuu mstaafu aliguna kwa kicheko, akakigeuza kikohozi. Mjomba alivua miwani, akaiweka juu ya meza. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo lililomchosha Mbishi zaidi. Alikuwa mtu aliyetembea kwa miguu ofisi hadi ofisi mpaka mradi ukaja kwao badala ya kwenda kwa jirani, soli za viatu vyake zikaisha.

"Sikiliza, mama," Mjomba alisema. "Mradi huu una awamu ya pili. Anayetia neno huko juu ni mgeni huyuhuyu. Akisikia tumejizindulia wenyewe, atasema watu wale hawajui taratibu. Awamu ya pili itakwenda kwingine, na hata hizi watazifuata. Hapo mtakuwa mmepata nini?"

"Tutakuwa tumejua kushona."

"Kwa siku chache?"

"Kwa siku chache ni bora kuliko kwa kandambili, Mjomba. Na asipokuja?"

"Amesema wiki ijayo."

"Wiki ijayo ipi? Mpaka utepe umezeeka tukaununulia mdogo wake!"

"Subira huvuta heri."

"Na ngojangoja huumiza matumbo."

Kumjibu Mwenyekiti methali kwa methali mbele ya wenzake, tena mtoto wa dada yake, kulikuwa sawa na kumvua kofia.

"Nenda," Mjomba alisema, sauti ya chini kabisa. "Mwambie mama yako nitapita jioni."

Alipita kweli. Hakukaa, hakunywa hata maji. Alizungumza na dada yake pale mlangoni maneno mawili matatu, akaondoka mikono nyuma, na mama akarudi uani kwenye beseni lake.

Mama alifua nguo za watu. Alikuwa amezifua tangu mumewe afariki, na sabuni ilikuwa imemla mikono mpaka vidole vikapasuka kwenye viungo. Kukiwa na baridi mipasuko ilifunguka, akawa anafua huku ameuma ncha ya kanga. Uzi kwenye sindano alikuwa hawezi tena kuutia. Vidole havikuhisi kitu chembamba namna ile.

"Mjomba wako ndiye aliyemzika baba yako," alisema hatimaye. "Sanda alinunua yeye. Ng'ombe akivunjika guu malishoni hukimbilia zizini, mwanangu. Zizi letu ni yeye."

"Zizi lenyewe limefungwa utepe, mama."

Mama alitaka kukasirika, kicheko kikamponyoka. Kisha akakikata. Akaelekeza kidevu ukutani, ambako beseni la pili lilikuwa limeegemezwa, jipya, bado na karatasi ya dukani chini yake. "Lile nililinunua siku uliyomaliza shule. Nikasema, asipopata kazi, tutakuwa wawili. Kila asubuhi naliona. Namwomba Mungu lisiguswe." Akauma ncha ya kanga, akachukua shati la mtu mwingine. "Mimi sikwambii umtii. Sikwambii umkaidi. Nakwambia nalichukia lile beseni."

Mbishi hakulala vizuri. Alikuwa na hasira, na hasira ya kumkasirikia mtu aliyekufadhili ni mbaya kuliko zote, maana huna pa kuiweka.

Ufunguo wa ukumbi alikuwa nao Fundi. Alikabidhiwa ili mara moja kwa wiki aingie kufuta vumbi kwenye nailoni. Siku ya vumbi ilipofika alikuja na tambara lake, akasogeza utepe kwa kidole, akafungua kufuli, akainama kupita chini. Alipogeuka nyuma, Mbishi alikuwa amekwisha kuinama.

"We! Unakwenda wapi?"

"Kukusaidia kufuta vumbi."

"Mnataka nifukuzwe kazi?"

"Kazi gani, Fundi? Kuziogesha mashine ambazo hazijawahi kuchafuka?"

Fundi alimtazama, akawatazama wengine waliosongamana nyuma ya utepe na magunia yao mikononi, akatazama barabarani. Halafu akatema pini zote kiganjani.

"Utepe msiuguse," alisema. "Atakayeugusa nitamchoma."

Wakapita mmojammoja, migongo imepinda kama wanaoingia banda la kuku. Nailoni zikatolewa, zikakunjwa, zikawekwa kwenye kona. Fundi akawasha taa ndogo za mezani, akatundika uzi wake mwenyewe, akaonyesha unavyopita hapa, unavyozunguka pale, unavyoteremka kwenye jicho la sindano. Mbishi akaketi. Akaweka mguu kwenye kanyagio. Akakanyaga kama alivyozoea kukanyaga kandambili, kwa uzito wake wote.

Cherehani ililia na kulinyakua gunia. Liliruka kutoka mikononi mwake, likapita chini ya sindano lote, likaangukia upande wa pili na mshono uliopinda kutoka pembe hadi pembe. Mbishi alijikuta ameinua mikono yote miwili juu, kama aliyekamatwa na polisi.

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Fundi alicheka mpaka akashika ukuta.

"Nilisema nini? Nilisema ukiigusa imeondoka!"

Wakaanza upya. Kandambili ilikuwa imewafundisha uongo, na mguu uliofundishwa uongo ulihitaji kufundishwa kusahau. Waligusa kwa ncha ya kidole gumba cha mguu, wakapumua, wakagusa tena. Jua lilipopanda, mishono ya Mbishi ilikuwa imeanza kunyooka, si yote, mmoja baada ya mingi, na kila uliponyooka aliinua kitambaa juu akapiga kelele bila aibu. Alikuwa na furaha. Hakukumbuka mara ya mwisho alipofurahia kitu kilichokuwa mikononi mwake mwenyewe.

Mlio ndio uliowasaliti. Mtaa ulikuwa umezoea kusikia cherehani za mdomo. Hizi zilikuwa za kweli, na habari ikamfikia Mwenyekiti upesi. Alikuja akitweta, akasimama mlangoni. Utepe ulimfika kifuani.

"Tokeni!"

Hakuna aliyetoka. Wala yeye hakuingia. Kuinama apite chini ya utepe mbele ya mtoto wa dada yake hakuweza, na kuukata hakuthubutu. Akabaki hapo anatikisa kidole juu ya fundo la ua.

"Ingia, Mjomba, uone," Mbishi alisema, na aliisema kwa moyo mweupe, kitambaa chake kikiwa juu. "Ona huu mshono. Ingia basi!"

Mjomba aliuona. Macho yake yalikaa pale juu ya mshono zaidi ya alivyotaka. Halafu akageuka, akaenda kwenye swichi kuu iliyokuwa ukutani nje, akaishusha. Cherehani zote zikanyamaza kwa pamoja. Fundi alinyoosha ufunguo kutoka ndani bila kuambiwa, na jioni ile mlango ulikuwa na kufuli jipya.

Kiwandani walipimwa kwenye chumba kirefu chenye harufu ya mafuta ya mashine. Msimamizi alikuwa mwanamke wa rika la Fundi, tepu ya kupimia shingoni, sauti kavu isiyo na chuki. Alimpa Mbishi vipande viwili vya kitambaa cha bluu, akachora mstari kwa chaki.

"Fuata chaki. Usisimame katikati. Kwa mwendo huo." Akaonyesha safu ya washonaji waliokuwa kazini, migongo yao ikitetemeka kidogo, mikono haisimami.

Mbishi alifuata chaki. Kwa urefu wa kiganja alikwenda vizuri, na kwa muda ule mfupi alijiona pale, kwenye safu ile, amevaa aproni kama wao. Halafu wasiwasi ukamshika, mguu ukakumbuka kandambili. Ukakanyaga. Kitambaa kikakimbia, chaki ikabaki upande mmoja na uzi upande mwingine.

Msimamizi alikichukua, akakigeuza, akakipitisha kidole.

"Mkono mzuri," alisema. "Umefundishwa na anayejua. Lakini mguu huna. Umejifunzia mashine gani?"

"Ya umeme," Mbishi alisema. "Iko nyuma ya kioo."

Msimamizi alidhani anafanyiwa mzaha, akaita anayefuata. Katika wote waliotoka mtaani kwao hakupita hata mmoja. Viti vilijazwa na wageni walioletwa na lori kutoka mbali, watu wanaojua. Nje ya geti Mbishi alilia, na si kwa huzuni. Ilikuwa hasira tupu, ya kupiga mtu.

Kesho yake mama aliamka mapema. Alibandua karatasi ya dukani chini ya beseni la pili, akaisokota, akaitupa. Wakafua wawili.

Na hapo ndipo mgeni rasmi alipokuja! Hakuja wiki aliyosema, alikuja ile iliyofuata, kiwanda kikiwa kimekwisha kufunga milango ya ajira. Siku moja kabla, Mjomba alifika uani akasimama mbele ya mabeseni.

"Nahitaji mkae kwenye mashine kesho," alisema. "Picha haiwezi kupigwa viti vikiwa vitupu."

Mama aliendelea kufua. Mbishi alitoa mikono majini, akaitazama. Ngozi ilikuwa imeanza kujikunja.

"Nitakuja, Mjomba."

Alikubali upesi mno, na Mjomba akaingiwa na hofu. "Bila vituko?"

"Nitakaa pale utakaponiweka."

Hema likapigwa. Viti vikavalishwa vitambaa vya bluu. Mgeni rasmi alishuka garini, akapewa mkasi juu ya mto mdogo mwekundu, na kabla ya kukata akataka kusema machache. Alisema kwa muda mrefu. Alisema serikali imefanya yake, wafadhili wamefanya yao, viongozi wa jamii wamefanya yao, sasa mpira uko kwa vijana. "Tatizo la vijana wetu," alisema, "ni kuchagua kazi. Kiwanda kiko hapo, mtu anavuka barabara tu! Lakini nimeambiwa wamechukuliwa watu kutoka mbali. Kwa nini? Kwa sababu nyinyi hamko tayari. Jitayarisheni!" Watu wakapiga makofi. Mjomba naye akapiga, lakini macho aliyaweka chini. Mkasi ukafumba, utepe ukaanguka vipande viwili kizingitini, na viatu vya wakubwa vikapita juu yake kuingia ndani.

Wasichana walikuwa wameketi tayari, wameingizwa kwa mlango wa nyuma ambao siku zote kumbe ulikuwapo, kwa ajili ya kuingizia viti. Mashine zilikuwa wazi, taa zinawaka, uzi mpya wa rangi zote umetundikwa ili upendeze. Mgeni rasmi alipita katikati ya safu, wapiga picha wakirudi kinyumenyume mbele yake, akasimama kwenye meza ya Mbishi.

"Haya binti. Hebu tushonee kitu."

Mbishi alitazama kushoto, akatazama kulia. Wenzake nao walitazama. Kulikuwa na soda, maua, vitambaa vya viti, mto wa mkasi. Kitambaa cha kushona hakikuwapo. Vikao vyote vile, na hakuna aliyekumbuka kitambaa.

"Kitambaa," Mjomba alinong'ona kwa mwenye duka. "Kitambaa kiko wapi?" Mwenye duka akajipapasa mifuko.

Mbishi akainuka. Watu walidhani ametishika anakimbia, wakampisha. Alikwenda mpaka mlangoni, akaokota vipande viwili vya utepe, akavikung'uta vumbi la viatu, akarudi, akaketi. Akalaza ncha ya kimoja juu ya ncha ya mwenzake. Akashusha sindano. Mguu wake, siku hiyo, haukuwa na wasiwasi na mtu. Hapakuwa na kazi iliyobaki ya kukosa. Aligusa kwa kidole gumba. Mashine ikaenda, ikarudi, ikaenda, mshono mwembamba, ulionyooka, mara tatu juu ya palepale. Akakata uzi kwa meno.

"Chukua, mheshimiwa," alisema, na ukumbi ulikuwa kimya kiasi kwamba hakuhitaji kupaza sauti. "Nimekuungia. Mtauhitaji huko mnakokwenda. Kiwanda kilipima watu wiki iliyopita, na mashine hizi zilikuwa humuhumu, na sisi tulikuwa nje ya huu utepe tukikanyaga viatu, tukikusubiri wewe."

Mjomba alifumba macho.

Mgeni rasmi alitazama utepe, akauvuta huku na huku. Haukuachia. Uso wake ukafunguka kwa kicheko kikubwa.

"Mmeona?" aliwageukia wapiga picha na kuuinua juu. "Mmeona kipaji? Hana kitambaa, anabuni! Huyu ndiye kijana tunayemtaka! Mpigieni makofi!"

Wakapiga. Walipiga kwa nguvu, mwenye duka kuliko wote. Kamera zikamulika, mgeni akamshika Mbishi bega, utepe mbele yao. Mbishi alifungua mdomo aseme tena, lakini makofi yalimfunika, na yalipokwisha mgeni alikuwa garini. Utepe aliuacha mezani.

Hema lilipoanza kuteremshwa, Mjomba aliingia na nailoni begani.

"Saidieni kufunika. Awamu ya pili wataletwa walimu wenye vyeti. Mpaka hapo chumba kinafungwa. Kutakuwa na uzinduzi wake."

Hakuna aliyesogea.

"Mbishi. Inuka."

"Uliniambia nikae, Mjomba. Nimekaa."

"Usinitie aibu, mwanangu. Leo siku imekwenda vizuri."

"Imekwenda vizuri kwa nani?"

Fundi, ambaye hakualikwa, alikuwa amesimama kizingitini na pini zake mdomoni. Aliingia, akampita Mwenyekiti bila salamu, akaketi kwenye kiti kilichokuwa kitupu. Nailoni ikamteleza Mjomba begani. Akaiacha pale sakafuni, akatoka, na wote wakaijua ile sauti ya swichi kuu ukutani. Taa ndogo zikazimika.

"Kaeni basi!" alisema kutoka nje. "Njaa itawatoa."

Akavuta milango yote miwili, wa nyuma kisha wa mbele, akafunga kufuli moja baada ya jingine. Alikuwa na utepe mkononi, hakujua ameuchukua saa ngapi. Kwa mazoea, akaufunga kwenye mwimo mmoja, akauvuta hadi mwimo wa pili, akautengeneza fundo.

Ndani, Fundi alipiga makofi.

"Mguu," alisema.

Wakaweka miguu kwenye kanyagio zilizokufa. Mbishi alianza, wengine wakadaka, midomo ikatetemeka, na mlio ukajaa chumba mpaka vioo vya dirisha vikaitikia. Hawakupumzika, mmoja akiishiwa pumzi mwenzake anapokea. Mjomba alikaa barazani na funguo mapajani, mgongo ameupa mlango, asiwatazame wanaopita.

Wanawake wawili waliotoka sokoni na mizigo kichwani walipunguza mwendo walipofika hapo. Mmoja akatega sikio.

"Unasikia hizo mashine?"

"Nazisikia."

"Afadhali, jamani. Mradi umeanza," alisema, akamwamkia Mwenyekiti kwa heshima, akampongeza, na wakaendelea na safari yao.